Sifuri iliyofutwa ikabaki: kisa cha Backspace kati ya Tanga na seva

Karani wa ghala letu la Tanga alipokea katoni 50 za sabuni. Kwenye mfumo akaandika 500, akaona sifuri moja imezidi, akabonyeza Backspace mara moja, kisha Enter. Mfumo ukaingiza 500. Ijumaa bidhaa zilipohesabiwa ghalani, katoni 450 hazikuwepo, na swali la kwanza aliloulizwa dada yule halikuhusu kompyuta hata kidogo. Aliulizwa mzigo ameupeleka wapi.

Nimeamua kukieleza kisa hiki chote, tangu simu ya kwanza hadi kusahihishwa kwa daftari, kwa sababu ushauri unaotolewa kuhusu kitufe hiki huwa ni wa mstari mmoja: andika stty erase, amri ya kuieleza seva kitufe kipi ni cha kufutia, umemaliza. Kwetu sisi mstari huo huo, uliowekwa na mtu mwenye nia njema miaka mingi kabla, ndio uliozaa tatizo.

Kampuni inasambaza bidhaa za jumla. Seva iko Dar es Salaam na inaendesha Linux. Programu ya stoo ni ya zamani, imeandikwa kwa lugha ya C, haina madirisha wala picha za kubofya: inauliza swali, unaandika jibu, unabonyeza Enter, inauliza jingine. Makarani wa matawi wanaifikia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Kwa miaka yote walitumia kompyuta za Windows zenye PuTTY, programu ya kuunganisha kwa SSH, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kisha tawi la Tanga likapewa kompyuta mpya zenye Linux, ambazo unafungua terminali ya kawaida, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika ssh.

Tangu asubuhi ya kwanza, kila aliyebonyeza Backspace ndani ya programu ya stoo aliona alama mbili zikijitokeza mbele ya kishale: ^?. Dada wa Tanga alitoa taarifa siku hiyo hiyo. Fundi wa ofisini kwetu akaingia kwenye seva kutoka kompyuta ya aina ile ile, akaandika maneno mawili matatu kwenye sheli, yaani ile programu inayopokea amri, akayafuta, yakafutika vizuri. Akamjibu kwamba hiyo ni alama tu ya kwenye skrini, aendelee na kazi. Taarifa ikafungwa.

Simlaumu kwa kujaribu. Wengi hawajaribu kabisa. Lakini alijaribu mahali ambapo tatizo haliwezi kuonekana, na kuelewa kwa nini halionekani pale ni nusu ya kisa hiki.

Kitufe chenyewe hakifuti kitu

Mtu aliyezoea kompyuta hudhani Backspace inafuta herufi. Katika muunganisho wa mbali kitufe hicho kinafanya kazi ya utingo: kinagonga bodi la gari, kwisha. Kusimama au kuondoka ni juu ya dereva, na dereva anafuata mlio aliouzoea. Terminali ya Tanga inatuma baiti moja, yaani namba moja ndogo. Kule kwenye seva, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kupitia kile kinachoitwa tty inaushika mstari mzima mpaka Enter ibonyezwe, na ina orodha fupi ya baiti zenye maana maalumu. Mojawapo huitwa erase. Baiti iliyoingia ikilingana na ile ya erase, herufi ya mwisho inaondolewa kwenye mstari. Isipolingana, baiti hiyo inapangwa kwenye mstari kama herufi nyingine yoyote, ubavuni mwa A na B.

Milio iliyopo ni miwili, 8 na 127, na kila mmoja una wazee wake. Zote mbili zimo kwenye ASCII, kanuni ya herufi iliyotoka Marekani mwaka 1963. Namba 8 inaitwa BS, na maana yake ilikuwa kurudi hatua moja nyuma kwenye karatasi. Karatasi haifutiki kwa kurudi nyuma. Ulirudi ili upige mstari chini ya herufi au uweke alama juu yake. Namba 127, DEL, ilizaliwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kila herufi ilikuwa safu ya nafasi saba, ama imetobolewa ama imeachwa, na tundu likishatobolewa halizibiki tena. Ukikosea, uliurudisha utepe na kutoboa nafasi zote saba. Hapo unapata 1111111, ambayo ni 127, na aliyeusoma utepe alijua safu hiyo ni ya kurukwa. Mimi huiona DEL kuwa ndiyo iliyokuwa na nia ya kufuta tangu mwanzo, ingawa najua wapo watakaobisha.

Unix ya mwanzo haikutumia yoyote kati ya hizo: ilifuta herufi kwa alama ya # na kuutupa mstari mzima kwa @. Kwenye familia ya System V, baiti 127 ilikuwa ndiyo ya kukatiza programu, hivyo anayekutana na mashine ya namna hiyo na terminali inayotuma 127 hubonyeza Backspace akajikuta ametupwa nje ya kazi yake yote. Kampuni ya DEC, ambayo terminali yake VT100 ya mwaka 1978 imeigwa na karibu kila programu ya terminali iliyopo leo, iliweka vitufe viwili, kila kimoja na baiti yake. Terminali yake ya VT220, ya mwaka 1983, ilikuwa na kitufe kikubwa cha kufutia kilichotuma 127, na Linux ikaifuata njia hiyo. IBM PC ya 1981, na Windows baada yake, zikabaki na 8. Ndipo ukoo ulipogawanyika, na mgawanyiko huo ndio uliotufikia Tanga.

Kwenye skrini 8 huandikwa ^H, kwa kuwa H ni herufi ya nane, na 127 huandikwa ^?. Kwa hiyo ukiziona alama hizo usizichukulie kama uchafu wa skrini. Kerneli inakwambia wazi kuwa imepokea baiti hiyo na haikuambiwa kuwa ni ya kufuta.

Sasa turudi kwenye jaribio la fundi. Bash, ndiyo sheli aliyojaribia, haimwachii kerneli kazi ya kuhariri mstari. Inatumia maktaba ya readline, ambayo husoma baiti moja moja na ina jedwali lake, na ndani ya jedwali hilo 8 na 127 zote zimefungwa kwenye kazi ya kufuta herufi iliyotangulia. Mbele ya bash utagonga mlio wowote, dereva atasimama. Programu ya stoo haina readline. Inasoma mstari uliokwisha kupikwa na kerneli, kama zifanyavyo programu nyingi za zamani, na kama ifanyavyo SQL*Plus, programu ya kuulizia hifadhidata ya Oracle, kwenye Unix, ambayo wahusika wa hifadhidata wanaijua vizuri kwa hizi ^H. Ndiyo maana kauli ya kwamba kwangu inafanya kazi, ikitolewa kutoka kwenye sheli, haimsaidii aliye ndani ya programu.

Simu ya Jumatatu

Mimi nilipigiwa Jumatatu, baada ya hesabu. Meneja aliuliza kama kuna uwezekano wowote wa kosa la mfumo, kwa sauti ya mtu ambaye hategemei jibu la ndiyo. Nikaomba kuzungumza na karani mwenyewe. Baada ya salamu nikamwambia:

"Dada, usiingie kwenye stoo kwanza. Andika cat, bonyeza Enter. Sasa andika neno lolote, halafu Backspace mara moja. Unaona nini?"

"Kofia na alama ya kuuliza, kaka. Ni ile ile niliyowaambia."

"Haya, bonyeza Ctrl na C. Andika stty, acha nafasi, kistari, kisha a."

"Yametoka maneno mengi."

"Tafuta penye erase."

"Erase ni sawasawa na kofia H."

Mazungumzo hayo hayakuchukua dakika tatu, na yangeweza kufanyika siku ile ya kwanza. Amri ya cat inafaa kwa sababu haina akili yoyote ya kuhariri: kile kerneli inachokipokea ndicho unachokiona. Amri ya stty -a inaonyesha kile kerneli inachokisubiri. Terminali inatuma 127, seva inasubiri 8. Ukitaka namba badala ya kofia, showkey -a inakutajia kila baiti kadiri unavyobonyeza, na od -c inafanya hivyo baada ya Enter na Ctrl-D, ingawa yenyewe inaandika 127 kwa mfumo wa nane, 177.

Nilimuuliza kitu kimoja zaidi: neno la siri. Programu ya stoo inaomba neno la siri bila kuonyesha chochote kwenye skrini, na katika wiki zile Tanga ndio walioongoza kwa kufungiwa akaunti. Ofisini walisemwa kuwa ni wasahaulifu. Hawakuwa wasahaulifu. Mtu akikosea herufi moja ya siri akairekebisha, seva ilikuwa inapokea herufi mbovu, baiti 127, na herufi sahihi, zote zikiwa neno moja refu lisilofanana na lolote. Kwenye skrini hakuna hata ^? ya kumwonya. Ndivyo ilivyo pia kwa sudo na su, amri za kufanya kazi kwa jina la mtumiaji mwingine, ukiwa ndani ya seva ya namna hii. Neno la siri la ssh lenyewe linaandikwa upande wako, kwenye mashine yako, kwa hiyo hilo linapita salama na kukufanya uamini kwamba vidole vyako havina tatizo.

Nani aliyebadilisha?

Hapa wengi wangeishia: andika stty erase '^?' na uendelee. Dada wa Tanga aliandika hivyo nikiwa kwenye simu, na ikafanya kazi. Lakini mimi nilikuwa na swali lililonikera. SSH haitakiwi kuleta mgongano huu. Itifaki yake, katika waraka wa RFC 4254 wa mwaka 2006, inaeleza jinsi programu inayounganisha inavyotuma mipangilio ya tty yake wakati wa kuomba terminali upande wa pili, na erase imo, kwa namba 3. Mashine ya Tanga inatumia 127, hivyo ilipoingia ilikwisha kuitangazia seva kuwa Backspace yake ni 127. Seva ilielezwa, ikakubali, kisha mtu akaja akabadilisha baadaye.

Kuna njia rahisi ya kulithibitisha hilo. Kutoka mashine ya aina ile ile niliandika:

ssh -t seva 'stty -a'

Ukiipa ssh amri namna hii, kwenye seva haifunguki sheli ya kuingilia, na mafaili yanayosomwa wakati wa kuingia hayasomwi. Jibu likawa erase = ^?. Nikaingia kwa kawaida, nikauliza tena: erase = ^H. Basi mkosaji alikuwa kati ya hapa na pale, ndani ya mafaili ya kuingilia.

grep -n stty /etc/profile /etc/profile.d/* ~/.profile ~/.bash_profile ~/.bashrc

Mstari mmoja ulitokea, ndani ya /etc/profile, hauna maelezo wala tarehe:

stty erase ^H

Nilikaa nikiutazama. Ulikuwa na busara yake siku ulipoandikwa. Enzi hizo makarani waliingia kwa telnet, njia iliyotangulia SSH, kwa programu za Windows zilizotuma 8, na seva haikuwa ikielezwa chochote kuhusu kitufe cha mtu. Aliyeuweka aliwatatulia watu shida yao. Baadaye tukahamia SSH na PuTTY. PuTTY ikiwa kama ilivyotoka kwa waundaji wake inatuma 127, ikagongana na mstari ule, na mtu mwingine akatibu upande wa pili: akaingia ukurasa wa Keyboard kwenye kila kompyuta akachagua Control-H. Makosa mawili yakakaa yakielekeana kwa amani miaka yote hiyo, mpaka ilipoingia mashine isiyo na lolote kati ya hayo mawili. Kompyuta za Tanga ndizo pekee zilizokuwa sahihi kabisa, na ndizo zilizolaumiwa.

Tiba tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza ni kubadili mstari ule uwe 127: Tanga wangepona asubuhi hiyo, na Moshi na matawi mengine yote yenye PuTTY ya Control-H wangeanza kuugua. Ya pili ni kuzifundisha terminali za Tanga kutuma 8. Inawezekana, terminali nyingi za Linux zina sehemu ya kuchagua, lakini ni kulea kosa, na kila mashine mpya itahitaji kufundishwa upya. Isitoshe anayetumia Emacs, kihariri cha maandishi, anaweza kukuta Backspace inamfungulia msaada, kwa kuwa huko ^H ndiyo kazi yake. Ya tatu ni kuufuta mstari bila kuweka kitu chochote mahali pake.

Nilichagua ya tatu, kwa sababu PuTTY nayo inaitangazia seva. Kwenye orodha ya mipangilio ya tty inayoituma, ERASE ikiachwa kwenye Auto inafuata kile kitufe cha Backspace kilichopangiwa. PuTTY ya Moshi inatuma 8 na inasema 8. Terminali ya Tanga inatuma 127 na inasema 127. Seva ikiacha kuingilia, kila mmoja anapata dereva anayeuelewa mlio wake. Tulijaribu kwanza kwa akaunti moja, kutoka Tanga na kutoka Moshi, kwa cat na kwa stty -a, ndipo tukaufuta kwa wote. Vipindi vilivyokuwa wazi vilibaki na mpangilio wa zamani hadi wenyewe walipotoka na kuingia upya; hilo liwekwe wazi kwa watumiaji, maana bila hivyo utapigiwa simu ukiambiwa dawa haijafanya kazi.

Kuufuta mstari kulimaliza na mambo mawili yaliyokuwa yakituchanganya. Ukirekebisha kwa mkono kisha ukaandika su - , /etc/profile inasomwa tena na tatizo linarudi kwenye tty ile ile, na ukitoka linabaki. Na ndani ya tmux, programu inayofungua vidirisha kadhaa ndani ya terminali moja, hata wenye PuTTY ya Control-H walikuwa wakiona ^?. Nilikuwa nimeishangaa hiyo muda mrefu. tmux ni mkalimani: inapokea 8 kutoka nje, inatambua kuwa ni Backspace kwa kuangalia erase ya tty ya nje, kisha kwenye kidirisha cha ndani inapeleka 127, na inakipanga kidirisha hicho kisubiri 127. Lakini sheli inayofunguliwa humo ni ya kuingilia, inasoma /etc/profile, na mstari wetu ulikuwa unairudisha kwenye 8. Kila tmux ilipotengeneza, mstari ulibomoa.

Ikiwa una sababu ya kweli ya kuweka stty kwenye faili la kuingilia, kama kwa mashine iliyounganishwa kwa waya wa siriali ambako hakuna SSH ya kutangaza lolote, basi uwe kwenye faili la mtumiaji husika na uanze kwa kuuliza kama kweli kuna terminali:

[ -t 0 ] && stty erase '^?'

Alama za kunukuu ni za lazima hapo, kwa sababu sheli inaichukulia ? kuwa ni ya kutafutia majina ya mafaili. Kwa siriali yenyewe, picocom ina --omap delbs inayogeuza 127 kuwa 8 njiani, na unaweza usiiguse seva kabisa.

Nitaje haraka magonjwa mawili yanayofanana na hili na ambayo stty haiyaponyi. La kwanza ni Vim, kihariri kingine cha maandishi, kukataa kufuta maandishi yaliyokuwepo kabla hujaanza kuandika: huo ni mpangilio wake, set backspace=indent,eol,start. La pili ni Backspace kuonekana kama inaongeza nafasi badala ya kufuta. Mara nyingi hapo baiti iko sawa, ila seva haijui jina la terminali yako mpya na hivyo haijui jinsi ya kurudisha kishale. Kutoka mashine yako unaipelekea maelezo:

infocmp -x | ssh seva -- tic -x -

Kufuta kile kilichokusudiwa kufutwa

Kitufe kilipona Jumatatu ile ile. Daftari halikupona, na kwangu hili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Programu ya stoo ilisoma idadi kwa kutumia atoi. Kazi hiyo ya C inasoma tarakimu hadi ikutane na kitu kisicho tarakimu, inasimama hapo, na kurudisha ilichokwisha kusoma bila kulalamika kwa yeyote. Ukiipa 500 ikifuatiwa na baiti 127, inarudisha 500. Ukiandika 72, ukafuta 2 na kuweka 5, inapokea 72^?5 na kurudisha 72. Yaani kila mara karani alipokosea na kujisahihisha, mfumo ulishika kosa na kutupa sahihisho. Aliyekuwa mwangalifu ndiye aliyeumia. Asiyejisomea kabla ya Enter hakubadilishiwa kitu.

Kwa bahati programu inaandika kila mstari kama ulivyoingia kwenye faili la kumbukumbu kabla ya kuutafsiri. Tukatafuta:

LC_ALL=C grep -n $'\x7f' maingizo.log

Mistari 23, yote ya Tanga, yote tangu siku kompyuta mpya zilipowashwa. Tisa ilikuwa ya idadi, iliyobaki ni majina na maelezo. Fundi alitaka kuisafisha kwa tr -d '\177', na nikamzuia. Amri hiyo inaondoa baiti ya kufuta na kuiacha herufi iliyotakiwa ifutwe. Karani aliyeandika SABUMI, akarudi hatua mbili na kuandika NI, angeachiwa SABUMINI. Kinachotakiwa ni kutekeleza alichokusudia, yaani kila 127 iondoke pamoja na herufi iliyo nyuma yake, tena na tena hadi ziishe:

sed ':a; s/[^\x7f]\x7f//; ta' maingizo.log

Hapo unapata SABUNI, na 500^? inakuwa 50. Matokeo hayo hatukuyarudisha kwenye mfumo moja kwa moja. Tuliyachapa, tukayaweka mbele ya hati za kupokelea mzigo, karatasi kwa karatasi, na dada wa Tanga akiwa kwenye simu. Minane kati ya ile tisa ililingana na hati. Mmoja ulikuwa na historia: aliona jumla imekwenda kombo siku hiyo hiyo akaingiza marekebisho kwa mkono, na sisi tungesahihisha mara ya pili na kuharibu. Hakuna sed ingeweza kujua hilo.

Kwenye programu yenyewe atoi imetolewa na kuwekwa strtol, pamoja na kuangalia kwamba kusoma kumefika mwisho wa mstari. Ukiingiza chochote kisicho tarakimu kinakataliwa na swali linaulizwa upya. Mstari wowote wenye baiti ya udhibiti, wa idadi au wa jina, nao unakataliwa.

Barua ya kujieleza aliyotakiwa kuandika dada yule ilikuwa imeshafika kwa meneja. Niliandika ya kwangu ukurasa mmoja, nikaambatisha ile mistari 23 na taarifa aliyoitoa siku ya kwanza, ile tuliyoifunga sisi, nikaomba zikae faili moja na barua yake. Kisha katoni 450 zikatolewa kwenye hesabu kwa ingizo la marekebisho. Mfumo unadai sababu kwa kila marekebisho, na aliyeiandika ni yeye mwenyewe, kutoka Tanga: "Nilifuta sifuri, seva haikufuta. Backspace ilituma 127, mfumo ulisubiri 8."